Kwa Nini Sabuni ya Mawese Siku Nyingine Haishiki?

Somo letu la leo ni sabuni. Lakini hatutajifunza kutengeneza sabuni tu. Tutajifunza kwa nini mafuta yale yale na mikono ile ile siku moja hutoa sabuni nzuri, na siku nyingine hutoa uji. Soma polepole. Jirani yako akiwa hajui kusoma, msomee. Mwisho yapo maswali ya kujadili.

Kikundi na debe la hasara

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama huku kwetu Kyela, kijiji cha karibu na ziwa. Wako kumi. Kila mmoja ana michikichi michache nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na kakao. Mafuta mengine wanapikia, mengine wanauza. Wakaamua: yanayobaki tutengeneze sabuni, tuuze sokoni Ipinda na Matema.

Mwezi wa kumi, wakati wa jua, walichanganya lita 10 za mawese na kostiki soda. Sabuni ikashika, ikakatwa vipande, ikauzwa. Wakanunua madaftari ya watoto. Furaha ikawa kubwa.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, wakachanganya tena lita 10. Walipima kwa kopo lile lile. Wakakoroga, wakamimina, wakangoja. Siku ya kwanza, uji. Siku ya pili, uji mzito. Baada ya wiki, sabuni ilikuwa laini kama samli, na juu yake mafuta yanachuruzika. Nani atanunua hiyo?

Basi maneno yakaanza. Safari hii aliyekoroga alikuwa bibi mmoja mjane, mkubwa kuliko wote. Mmoja akasema, "Ni mkono wake. Mkono mzito." Mwingine akasema, "Eti hata pombe yake huwa haichachi." Bibi akanyamaza. Jumamosi iliyofuata hakuja kwenye kikundi. Jumamosi nyingine hakuja tena.

Ndugu msomaji, mambo haya si madogo. Mafuta yamepotea, fedha zimepotea, na sasa mtu anapotea. Hebu tutafute ukweli. Ukweli umo ndani ya mafuta yenyewe.

Ndani ya mafuta kuna nini?

Mwaka 1823 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Chevreul, alitoa kitabu juu ya mafuta. Alionyesha kwamba mafuta si kitu kimoja. Yameunganishwa kwa vitu viwili. Cha kwanza ni asidi za mafuta. Cha pili ni gliserini, kitu kizito na kitamu kidogo, jamaa ya alkoholi.

Fikiri mama mmoja aliyeshikwa mikono na watoto watatu. Mama ni gliserini. Watoto ni asidi. Wakiwa wameshikana hivyo, hayo ndiyo mafuta.

Asidi ikiungana na alkoholi, kitu kinachopatikana huitwa esta. Mafuta ya mawese ni esta. Ya karanga ni esta. Ya nguruwe pia. Hata harufu nzuri ya ndizi mbivu, ile inayokuambia ndizi zimeiva kabla hujafunua kapu, inatokana na esta. Esta za harufu ni nyepesi, huruka hewani. Esta za mafuta ni nzito, hubaki chunguni.

Sasa shika jambo hili: asidi na alkoholi zikiungana kuwa esta, maji hutoka. Na esta ikikutana na maji, inaweza kuachana na kurudi kuwa asidi na alkoholi. Njia hii ni ya kwenda na kurudi.

Mtumbwi wa kwenda na kurudi

Fikiri kivuko cha mtumbwi kwenye Mto Kiwira. Asubuhi watu 100 wako ng'ambo hii, na ng'ambo ile hakuna mtu. Mtumbwi unaanza kuvusha. Baadaye wale waliovuka wengine wanataka kurudi. Mwishowe wanaokwenda na wanaorudi wanakuwa sawa kwa hesabu. Watu bado wanavuka, lakini ukihesabu kila ng'ambo, idadi haibadiliki tena.

Ndivyo ilivyo kwa esta. Mwaka 1862 wataalamu wawili wa Ufaransa, Berthelot na Péan de Saint-Gilles, walichanganya asidi ya siki na alkoholi, chembe kwa chembe, sawasawa. Walingoja sana. Walikuta karibu theluthi mbili tu zimekuwa esta. Yaani katika chembe 100 za asidi, kama 66 ziliungana. Zilizobaki hazikuungana, hata wangengoja zaidi.

Je, mtu akitaka esta zaidi afanye nini? Yako mambo mawili.

La kwanza, azidishe upande mmoja. Akiweka alkoholi mara mbili ya asidi, badala ya 66 hupata kama 85 katika 100. Ni kama kuongeza watu ng'ambo hii: wanaovuka wanazidi.

La pili, aondoe maji yanapotoka. Bila maji, esta haina njia ya kurudi. Ni kama kuwazuia watu wa ng'ambo ile wasipande mtumbwi.

Na moto je? Moto huharakisha kazi. Tone la asidi kali pia huharakisha, linaitwa kichocheo. Lakini angalia hapa, maana wengi hukosea. Mtumbwi ukipigwa kasia kwa nguvu, watu wanavuka upesi, wakienda na wakirudi vilevile. Kichocheo hukufikisha mapema tu. Hakiongezi mavuno ya mwisho. Na moto, kwa esta nyingi, haubadilishi sana mavuno hayo.

Kwa hiyo kila kazi ya namna hii ina maswali mawili tofauti: Nitapata upesi kiasi gani? Na: Nitapata nyingi kiasi gani? Usiyachanganye.

Sabuni: njia ya kwenda tu

Sasa turudi kwenye ndoo ya sabuni. Hapa hatuungi esta. Tunaivunja. Tunataka watoto wale watatu wamwachie mama.

Maji peke yake hufanya kazi hiyo polepole mno. Ndiyo maana tunatia kostiki soda. Kila mtoto akimwachia mama mkono, kostiki humshika papo hapo. Asidi ya mafuta iliyoshikwa na kostiki ndiyo sabuni. Gliserini hubaki humo humo ndani, na ngozi huipenda.

Na sabuni ikiisha kuwa sabuni, hairudi kuwa mafuta ndani ya ndoo ile. Mtumbwi unakwenda, haurudi. Hii ni habari njema. Maana yake, ukipima vizuri na ukakoroga vizuri, karibu mafuta yote yatakuwa sabuni. Hubaki na theluthi mbili.

Kwa hiyo sabuni ikikataa, usitafute mkosi. Tafuta sababu. Ziko sita.

Sababu ya 1: Kipimo. Kilo 1 ya mawese inahitaji kama gramu 142 za kostiki ili yote yawe sabuni. Lakini tunapunguza kidogo, tunatia gramu 135, ili abaki mafuta kidogo badala ya kostiki. Kostiki ikibaki, sabuni itaunguza mikono. Ikipungua sana, mafuta yatabaki na sabuni itakuwa laini. Pima kwa mizani, si kwa kopo. Kopo la kostiki ya chenga na kopo la kostiki ya vipande hayana uzito sawa.

Angalia pia: mafuta ya kokwa ya chikichi hayana kipimo sawa na mawese. Kilo 1 ya mafuta ya kokwa inahitaji kostiki zaidi, kama gramu 176 ikiwa yote yatageuka. Usitumie hesabu ya mafuta haya kwa mafuta yale.

Sababu ya 2: Hali ya kostiki. Kostiki ni kitu chenye uchu wa maji. Ukiacha kopo wazi, inavuta unyevu wa hewani mpaka inalowa na kushikana mabonge. Inavuta pia hewa ya ukaa, na polepole inageuka kuwa kitu cha jamaa ya magadi tunayopikia maharage. Magadi hayana nguvu ya kuvunja mafuta kwenye ndoo isiyopikwa. Kwa hiyo unapima gramu 100, kumbe kostiki yenyewe haifiki 100.

Sababu ya 3: Maji. Kostiki lazima iyeyushwe kwa maji. Kwa kila kilo 1 ya kostiki, kilo 2 na nusu za maji zinatosha. Maji yakizidi, kazi inakwenda polepole na sabuni inachelewa kukauka. Mawese yenye maji chini ya debe nayo hudanganya kipimo: unadhani umepima mafuta, kumbe umepima maji.

Sababu ya 4: Joto. Mawese yakipoa huganda nusu. Yapashe moto yayeyuke yote, kisha yaache yapoe. Ukigusa chombo kwa nje kiwe cha moto lakini mkono unavumilia. Ni kama nyuzi 40 hadi 50. Joto linaharakisha, lakini halizibi pengo la kipimo kibaya. Na likizidi sana, mchanganyiko unaweza kufura na kumwagika.

Sababu ya 5: Kukoroga. Mafuta na maji hayapatani. Kostiki iko ndani ya maji. Kama hukorogi, vinakutana mpakani tu, kama watu waliosimama kila mmoja kwenye ng'ambo yake. Koroga kwa mwiko wa mti, bila kuharakisha na bila kuacha, mpaka uji uwe mzito na mwiko uache alama juu yake. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi.

Sababu ya 6: Muda. Sabuni ikishamiminwa kwenye kasha, kazi haijaisha. Ifunike isiku moja au mawili. Kata vipande, vipange kivulini penye upepo, vikae wiki nne hadi sita. Kazi inamalizika na maji yanapungua. Mwenye haraka huuza sabuni inayoyeyuka upesi, na mnunuzi harudi.

Tupige hesabu ya kikundi

Lita 1 ya mawese ina uzito wa kama gramu 900. Basi lita 10 ni kilo 9.

Kostiki ya kutia: 9 mara 135 = gramu 1,215.

Maji ya kuyeyushia: kama kilo 3, yaani lita 3.

Jumla: kilo 9 za mafuta, kilo 1 na robo hivi za kostiki, kilo 3 za maji. Sabuni mbichi ni kama kilo 13. Ikikauka uzito unapungua, maana maji yanaondoka.

Hiyo ndiyo hesabu ya mwezi wa kumi. Na mwezi wa nne?

Mwenyekiti alikwenda kulitazama kopo la kostiki. Tangu mwezi wa kumi lilikuwa kwenye kona ya ghala, mfuniko umelegea. Mvua za Kyela mnazijua. Hata chumvi jikoni inalia machozi. Ndani ya kopo kostiki ilikuwa imeshikana mabonge yenye majimaji.

Tuseme robo ya uzito ule haikuwa kostiki tena. Walipopima gramu 1,215, kostiki ya kweli ilikuwa kama gramu 911. Kilo 9 za mawese zinahitaji gramu 1,278 ili zote ziwe sabuni. Gawanya: 911 kwa 1,278. Unapata kama 71 katika 100.

Maana yake, katika kila kilo 100 za mafuta, 29 zilibaki mafuta. Katika kilo 9 ni zaidi ya kilo 2 na nusu. Hayo ndiyo mafuta yaliyokuwa yanachuruzika juu ya sabuni. Bibi angekoroga mpaka asubuhi, asingeyamaliza. Mtoto hawezi kushikwa na mkono ambao haupo.

Kumbe mkono wa bibi haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mfuniko, na mfuniko ulikuwa wa kikundi kizima.

Kuokoa sabuni iliyokataa

Sabuni laini yenye mafuta haitupwi. Ikate vipande vidogo, itie kwenye chungu cha chuma na maji kidogo, ipashe kwa moto mdogo mpaka ilainike. Yeyusha kostiki kavu kidogo kwenye maji, uitie kidogo kidogo huku ukikoroga. Acha mara tu mafuta yanapokwisha kuonekana. Usizidishe. Kisha mimina, kata, ukaushe wiki zile zile. Jaribu kwanza kwa kufulia kitambaa kabla ya kuuza.

Mavuno huanzia shambani

Kumbuka njia ya kurudi: esta na maji huweza kuachana. Jambo hili hutokea ndani ya chikichi yenyewe. Katika nyama ya chikichi kuna kimeng'enya, kitu kinachoharakisha kuvunjika kwa mafuta. Tunda likiwa zima, halina shida. Likipondeka au likikaa siku nyingi baada ya kukatwa, kimeng'enya kinaanza kazi. Asidi zinakuwa huru na mawese yanakuwa makali kooni.

Wengi wetu huacha mikungu siku kadhaa ili chikichi ziachie zenyewe. Ni kazi rahisi, lakini kila siku inaongeza asidi. Katika biashara, mawese ghafi hutakiwa yasizidi asidi huru 5 katika 100. Basi kata mkungu ulioiva, usiutupe kwa kishindo, na uchemshe chikichi siku ile ile au kesho yake. Joto la kuchemsha linakiua kimeng'enya. Ukishakamua, chemsha mafuta mpaka maji yaishe, yachuje, uyatie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko.

Je, mawese ya zamani hayafai sabuni? Yanafaa. Asidi huru nazo hushikwa na kostiki, tena upesi sana. Lakini mchanganyiko hushika kwa ghafla na kuwa na mabonge, gliserini hupungua, na harufu mbaya hubaki. Mawese mazuri yale. Yaliyochakaa, yafanye sabuni ya kufulia.

Hadhari! Soma mara mbili

1. Kostiki inaunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Funga macho kwa miwani, vaa glovu, fanyia kazi nje penye upepo.
2. Tia kostiki kwenye maji. Usimwage maji juu ya kostiki. Yataruka na kukuunguza.
3. Usitumie sufuria ya aluminiamu. Kostiki inaila na kutoa hewa inayowaka. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma.
4. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu. Ikiingia machoni, osha huku unakwenda zahanati.
5. Usiiweke kwenye chupa ya soda wala kopo la chakula. Ifungie mbali na watoto.

Mwisho wa mkasa

Kikundi kilikutana. Mwenyekiti akasoma hesabu mbele ya wote, akaonyesha kopo na mabonge yake. Watu wakatazama chini. Wakaamua mambo matatu: kununua mizani ndogo, kuweka kostiki kwenye chombo cha kufunga kabisa, na kila mara kujaribu kwanza kwa lita 1 ya mafuta kabla ya kuchanganya lita 10.

Jambo la nne halikuandikwa kwenye daftari. Wawili kati yao, wale waliosema maneno, walikwenda kwa bibi jioni. Walipiga magoti, wakasema, "Bibi, tusamehe. Tulikosa." Bibi akawaambia, "Ndaga. Jumamosi nitakuja. Lakini mfuniko nitaufunga mimi mwenyewe."

Ndugu msomaji, asiyepima hulaumu. Pima, kisha sema.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kuunganisha esta hufika theluthi mbili tu, lakini sabuni inaweza kumaliza karibu mafuta yote?
2. Moto unaongeza upesi au unaongeza mavuno? Eleza kwa mfano wa mtumbwi.
3. Una lita 5 za mawese. Utatia gramu ngapi za kostiki?
4. Katika kijiji chenu, ni jambo gani watu husema ni mkosi, na huenda likawa na sababu inayopimika?

Maneno mapya

*Esta*: kitu kinachopatikana asidi ikiungana na alkoholi.
*Gliserini*: kitu kinachoshika asidi tatu ndani ya mafuta.
*Kichocheo*: kitu kinachoharakisha kazi bila kuongeza mavuno ya mwisho.
*Kimeng'enya*: kichocheo kilichomo ndani ya kiumbe hai, kama ndani ya chikichi.

(Jibu la swali la 3: lita 5 ni kilo 4 na nusu. 4.5 mara 135 ni kama gramu 608.)